Bi Wanu na Mji wa Bamvua

Neno lenyewe lilinipita masikioni kila siku kwa miaka sita, na sikuwa nimelisikia. Nafundisha darasa la tatu katika skuli moja ya Ng'ambo, yenye uwanja wa mchanga na watoto wengi kuliko madawati, na wakati wa mapumziko mwalimu hasikilizi watoto wanasema nini. Anasikiliza kama yuko anayelia. Watoto hufukuzana. Mmoja akikaribia kukamatwa huweka viganja vyake kimoja juu ya chengine kifuani, kama mtu aliyemaliza kukunja nguo, akasema, "Zirinda." Anayemfukuza husita papo hapo. Awe mkubwa wa mwili, awe mkorofi, hamgusi mwenzake mpaka viganja vishuke.

Jina langu Nassra Wakil. Mwaka juzi niliombwa msaada na kamati ndogo iliyokuwa ikikusanya maneno ya michezo ya watoto wa Unguja, kwa ajili ya kamusi. Niliyaandika maneno arubaini na matatu, na wazee wa kamati wakayapatia karibu yote asili yake: hili la Kiarabu, hili la Kihindi, hili tumeachiwa na Wareno. Walipofika kwenye "zirinda" wakakwama. Mmoja akasema pengine ni "zilinda", l imegeuka r. Mwengine akasema lina harufu ya Kiajemi. Mwisho wakaandika pembeni: asili haijulikani.

Hilo lilinikera, kwa sababu mimi mwenyewe nimelitumia utotoni, katika vichochoro vya Mkunazini nilikozaliwa, na sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Jioni ile nikamwuliza baba.

"Baba, nyinyi mkicheza mlikuwa mkisema zirinda?"

Baba yangu alifikiri kidogo. "Sisi tukisema 'nimo msikitini.' Aliye msikitini hapigwi. Hiyo zirinda nimeisikia kwenu nyinyi."

Kwa hivyo neno lilizaliwa baina ya utoto wake na wangu. Huo si muda mrefu. Nilimpigia simu mwenzangu Maryam, anayefundisha Matemwe, nikamwuliza kama watoto wake wanalo. Wanalo, akasema, na viganja vile vile. Kisha akaongeza jambo ambalo hakujua kuwa ni kubwa.

"Yuko mzazi mmoja hapa anasema yeye alilisoma kitabuni."

"Kitabu gani?"

"Jina hakumbuki. Anakumbuka ndani yake mlikuwa na bibi anayeikunja bahari kama kanga, akaitia kashani."

Bibi huyo namjua. Nilikuwa na miaka saba, mwalimu wetu akitusomea siku za mvua kutoka katika karatasi zilizofungwa pamoja, hazina jalada, na humo alikuwemo bibi aliyeitwa Mkunja Maji. Maji yakipwa, ni yeye anaikunja bahari, pindo kwa pindo. Yakijaa, anaikunjua. Nilikuwa nimesahau kuwa niliwahi kusomewa. Nilidhani ni jambo ambalo watu wanalijua tu, kama wanavyojua kuwa mvuvi hapigi mbinja chomboni.

Nikaanza kuwatafuta walimu wa zamani. Wa kwanza hakumbuki kitu, wa pili alikuwa mgonjwa, na wa tatu alikuwa Mwalimu Pandu, aliyestaafu zamani na anayekaa na mwanawe nyumba ya ghorofa Malindi. Nilimwamkia, nikakaribishwa, na kabla sijamaliza kueleza alikwishanyanyuka kwenda chumbani. Alirudi na kijitabu kilichofungwa katika mfuko wa nailoni. Kurasa thelathini na nane, zimepigwa kwa mashine ya stensili, wino umekuwa rangi ya chai, na mchwa wamekula pembe moja.

Nilikishika kwa mikono miwili. Juu ya ukurasa wa kwanza paliandikwa "Mji wa Bamvua". Jina la mtu hapana.

"Nani kaandika, Mwalimu?"

"Jina lilikuwa kwenye jalada, na karatasi nene tulikuwa nazo chache. Nakala hamsini ndizo zilizopata jalada, nyengine zilitoka hivi hivi. Walimu wakihamishwa wakichukua nakala, Makunduchi, Matemwe, mjini, na kule watu wakizinakili kwa mkono. Ndivyo jina lake lilivyopotea. Kosa langu hilo, na halijanitoka moyoni."

"Lakini alikuwa nani?"

"Mzazi. Wanu Machano, wa Chwaka. Mimi nilikuwa nafundisha kule. Nilikwenda nyumbani kwake kumwuliza kwa nini mtoto wake haji skuli, nikamkuta mtoto hawezi kwenda kwa miguu, na nikakuta madaftari. Tulikuwa na kitabu kimoja cha kusomea kwa watoto sita, Nassra. Nikayachukua mawili, nikayapiga chapa."

"Na yeye yuko hai?"

"Alikuwa hai wiki iliyopita. Kaniletea salamu."

Nilifika Chwaka Jumamosi, saa nne asubuhi. Nyumba niliielekezwa na mtu wa kwanza niliyemwuliza. Nikapiga hodi. Bi Wanu alikuwa amekaa ukumbini juu ya mkeka akisuka ukili wa kushonea mikeka, mwanamke mwembamba wa miaka sitini na kitu, mikono imejaa makovu madogo madogo ya kamba za mwani. Pembeni yake, kwenye kigari cha magurudumu, mwanamke wa rika la dada yangu mkubwa alikuwa akishona kwa cherehani cha mkono. Huyo ndiye Kurwa, mwanawe.

"Shikamoo, Bi Wanu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pandu kashatwambia unakuja."

Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri ya kusema, na yote yalinitoka. Nilisema tu kuwa nimekuja kuulizia kitabu. Bi Wanu akaendelea na ukili wake.

"Kile cha skuli? Zamani hiyo. Mpaka leo kipo?"

Hakujua. Alijua kuwa watoto wa Chwaka waliwahi kukisoma. Alijua kuwa watoto wa mtaani kwake wanasema zirinda, lakini hao walikuwa wakikaa barazani na Kurwa tangu wadogo, kwa hivyo hakuliona kuwa ni ajabu. Kwamba neno limevuka kisiwa kizima, hilo hakuna aliyemwambia. Nilimwambia mimi. Alisita kusuka, akamtazama mwanawe, kisha akasema, "Haya," taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuwa mgeni yuko mlangoni naye hajapika.

Siku ile na siku nyengine nyingi zilizofuata, walinisimulia.

Wanu Machano alizaliwa Chwaka, baba yake mchoma chokaa. Alisoma mpaka darasa la saba, na baada ya hapo alisoma alichokipata: karatasi za kufungia sukari, kalenda za mwaka uliopita, maandishi ya kanga. Mama yake alimkataza kuwafuata wanawake njiani akiwasoma migongoni. Akaolewa na Hamad, mjenzi, mtu mpole, akajifungua mapacha. Doto aliishi siku mbili. Kurwa alikua vizuri mpaka miaka mitatu, akashikwa na homa, na homa ilipomwachia miguu haikuamka. Walimpeleka mjini kwa madaktari, wakampeleka kwa waganga wawili, wakarudi naye nyumbani.

Miaka hiyo ndipo kilimo cha mwani kilipoingia pwani ya mashariki. Wanawake wakawa wanaingia baharini kila maji yakipwa, kufunga vipande vya mwani kwenye kamba, na Wanu akaingia pamoja nao. Kurwa akaachwa kwa bibi yake, mlangoni, juu ya mkeka. Kutoka pale mtoto aliiona ghuba yote, lakini wanawake walioko ndani yake aliwaona kama vijiti. Mama akirudi, suali lilikuwa moja.

"Umeona nini?"

Siku za mwanzo Wanu alisema kweli. Kaa, pweza, kamba, mwani.

"Na mbele ya hapo?"

"Mbele ya hapo ni mwambani. Mie siendi."

"Basi kesho nenda."

Yalikuwa maji ya bamvua, siku za mwezi mpevu, bahari inapotoka mbali kuliko siku zote. Wanu akamaliza kazi yake, akaenda mpaka mwambani, akasimama, akatazama. Hapakuwa na kitu, ni maji na jua.

"Nikageuka narudi," Bi Wanu alinambia. "Nna gunia la mwani kichwani, linanichuruzikia mgongoni, na sina la kumwambia mtoto. Nkawaza njia nzima. Nilipofika mlangoni, mji ulikuwa ushakuwepo."

Mji huo unaonekana siku za bamvua tu. Kuta zake ni za matumbawe na mlango wake una makufuli matatu. La kwanza hufunguka ukilitajia jina la bibi mzaa bibi yako. La pili hufunguka ukilinyamazia. La tatu hakuna aliyewahi kulieleza. Ndani hapana anayesimama. Watu hupelekwa na maji, na pasipo maji hukaa kitako wakajivuta kwa mikono, kwa madaha, na wako hodari mno. Mgeni akija akasimama kwa miguu miwili, wenyeji humwonea huruma. Humwuliza anaumwa wapi.

Nilimwuliza Bi Wanu kama hilo alilifanya makusudi.

"Makusudi, ndiyo," alijibu. "Nlikuwa nnataka awe na mahali ambapo yeye ni mzima."

Kurwa hakuwa msikilizaji mwepesi. Alikuwa na miaka mitano na kumbukumbu ya karani. Mama akisema leo makasha ya Mkunja Maji ni manne, mtoto atasema jana yalikuwa sita. Kama ni manne, mawili yamekwenda wapi, na bahari iliyokuwemo imewekwa wapi? Wanu akajikuta akiwa baharini, maji kiunoni, anajibu maswali hayo kichwani. Mwisho akachukua daftari, akawa anaandika baada ya alasiri, mikono ikiwa bado inawasha kwa chumvi, ili asijipinge. Alikuwa akimsomea Kurwa alichokiandika, na Kurwa akikataa, akikata mstari.

"Alikuwa mkali," Bi Wanu alisema.

"Mkali nini?" Kurwa akajibu bila ya kuinua macho kwenye cherehani. "Ulikuwa unaharibu."

Hapo ndipo nilipouliza lile lililonileta. Nilisema kuwa wazee wa kamati wamelitafuta neno katika Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiajemi. Wote wawili wakacheka, na Kurwa ndiye aliyeacha kucheka mwanzo.

Daktari mmoja alikuwa amewaambia wamkande mtoto miguu kila siku, isije ikakauka. Wanu akimkanda kwa mafuta ya nazi, asubuhi na jioni, na ilikuwa ikiuma. Mtoto akijikaza, akijikaza, mpaka hapo anaposhindwa. Akishindwa hakulia. Alisema neno. Hakufundishwa na mtu, na halikuwa na maana kwa mtu mwengine yeyote. Akisema, mama huondoa mikono mara ile, na ili mtoto amwamini kuwa kweli ameacha, huweka viganja vyake kimoja juu ya chengine kifuani pake mwenyewe.

"Nimwoneshe kuwa mikono yangu haimo tena," Bi Wanu alisema, akavionesha viganja vyake, vilivyopasuka kwa kazi, kimoja juu ya chengine.

Nilimwuliza Kurwa alikuwa akikusudia kusema nini. Nisubiri? Inatosha?

"Sjui," Kurwa alisema. "Nlikuwa mtoto wa miaka sita. Nlikuwa nnataka kila kitu kisimame. Sio maumivu tu. Na kuku nje wasimame."

Baadae Wanu alilitia neno lile katika kisa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mkunja Maji anapomaliza kukunja, na bado hajaanza kukunjua, pana muda mfupi ambao bahari haiendi wala hairudi. Muda huo ndio zirinda, na Mkunja Maji huuonesha kwa kuweka viganja kimoja juu ya chengine kifuani. Ndani yake hapana apigwaye, hapana adaiwaye, hapana afukuzwaye. Hata papa aliyemkaribia mtu hungoja.

Niliwafikiria watoto wa uwanja wetu, na wa Matemwe, na mimi mwenyewe Mkunazini, mgongo umegonga ukuta, kaka yangu anakuja na ngumi, nami naweka viganja kifuani. Miaka thelathini watoto wa Unguja wamekuwa wakikingwa na mikono ya mama mmoja wa Chwaka, na sauti ya mtoto wake anayeumwa, na hapana hata mmoja aliyejua. Na wale wafukuzaji walitii. Hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Sheria ngapi zimeandikwa na watu wakubwa, zikatangazwa, na hazikutiiwa hivyo?

Niliwaandikia kamati. Wakabishana wiki mbili, kwani kamusi haijazoea kutaja mtu. Mwisho, kwenye neno hilo, wakaweka hivi: limebuniwa na Kurwa binti Hamad, Chwaka, akiwa na miaka sita.

Nilipomwonesha Kurwa karatasi hiyo aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkebe wa nyuzi, akaniuliza kama nshakula.

Mwezi wa pili wake niliwaomba waje skuli. Kigari kiliingia kwa tabu kwenye uwanja wetu wa mchanga, na walimu wawili wakasaidia kukisukuma mpaka kivulini. Sikuwa nimewaambia watoto kitu. Nilitaka mama na mwana wakae tu watazame mapumziko. Kengele ikagongwa na watoto wakamwagika nje kama mtama.

Hawakukaa hata dakika tano. Msichana mmoja mfupi, amevua viatu, alitoka mbio nyuma ya choo na mvulana mkubwa nyuma yake, akaja moja kwa moja pale kivulini, akajikuta amezuiwa na kigari. Hana pa kwenda. Akageuka, akaweka viganja. "Zirinda."

Mvulana akasita, mkono ukiwa hewani. Alikuwa anahema. Wakatazamana, wakasubiriana, kisha msichana akashusha viganja na wote wawili wakatimka tena. Na nyuma yao neno lilikuwa likisikika uwanja mzima, huku na kule, sauti nyembamba na sauti nzito, kila moja na kitambo chake kidogo cha kusimama.

Kurwa alijifunika uso kwa mtandio. Bi Wanu hakulia. Alikuwa ameinamia mbele, mikono juu ya magoti, anatazama kama mtu anayehesabu ndege.

"Wanasita kweli," alisema. "Nassra, wanasita kweli."

Baada ya mapumziko niliwaingiza darasani kwangu, nikawaambia watoto kuwa hawa ndio wenye neno. Sikujua wataelewa vipi. Walibaki wakiwatazama wageni. Nikawasomea kurasa kumi za mwisho za kijitabu cha Mwalimu Pandu, kile kile chenye pembe iliyoliwa, kisha nikawaruhusu waulize.

Mtoto aliyekaa mbele akasimama. "Bibi, yule Mkunja Maji akiikunja bahari, samaki wanakaa wapi?"

"Kwenye mikunjo," Bi Wanu alisema. Hakufikiri hata kidogo. "Ndiyo maana anakunja taratibu."

Watoto wakaguna kwa kuridhika. Halafu msichana mmoja wa nyuma, Nasima, mtoto asiyependa kusema, akauliza kama Mize aliingia mjini. Mize ndiye msichana wa kisa. Kijitabu kinamwacha mlangoni, makufuli mawili yamefunguka, la tatu bado, na nyuma yake Mkunja Maji ameanza kuikunjua bahari. Kinaishia hapo. Mimi nilipokuwa na miaka saba nilidhani karatasi za mwisho zimepotea, na kwa siku nyingi nilikuwa nikienda kulala nikimfikiria Mize na maji yanayokuja.

Bi Wanu akamtazama Kurwa.

"Mwalimu Pandu hakukwambia?" Kurwa aliniuliza. "Yeye alichukua mawili tu, stensili zilizokuwepo zilitosha hayo. Madaftari yako saba."

Nilihitaji kukaa, na kiti cha mwalimu alikuwa amekikalia Bi Wanu. Nikaegemea ubao.

Nilikwenda Chwaka likizo iliyofuata nikakaa siku tatu, nikalala kwao, nikasoma. Madaftari matano ambayo hayakuwahi kutoka katika nyumba ile, yamehifadhiwa katika pipa la plastiki lenye kifuniko, pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Mwandiko wa daftari la tatu ni wa Wanu, na pembeni, kwa penseli, mna maandishi ya mtoto: "sivyo", "umesahau kufuli", "hapa pazuri". Katika daftari la tano mwandiko unabadilika katikati ya ukurasa. Mwaka ule Wanu aliumwa macho kwa maji ya chumvi, akawa anasema na Kurwa anaandika. Masahihisho ya pembeni yanakoma, kwa sababu aliyekuwa akisahihisha ndiye mwenye kalamu. Na daftari la saba, lililoandikwa Kurwa alipokuwa na miaka kumi na sita, sikuweza kutambua sentensi ipi ni ya mama na ipi ya mwana. Niliwauliza. Wao wenyewe wakashindwa kukubaliana.

Mji wenyewe ni mkubwa kuliko nilivyoota nikiwa mtoto. Una soko la sauti, ambako waliozama baharini wameacha maneno yao ya mwisho na jamaa zao huja kuyachukua. Una msikiti usio na ngazi. Una mwaka mzima wa ukame ambapo Mkunja Maji ni mgonjwa, bahari imebaki kashani, na watoto wa mji wanajaribu kuikunjua wenyewe, pindo moja, na wanashindwa. Nilisoma nimekaa ukumbini huku Bi Wanu anasuka na cherehani kinazunguka, na mara kwa mara niliinua kichwa nikawatazama wale wanawake wawili, nikaona taabu kuamini kuwa haya yote yametoka hapa, baina ya jiko na mlango.

"Kwa nini hamkumwonesha mtu?" niliwauliza siku ya mwisho.

"Hakuna aliyeuliza," Bi Wanu alisema. Hakulisema kwa uchungu. "Na lilikuwa jambo letu. Mtu anaonesha watu anavyozungumza na mwanawe?"

"Na sasa?"

Kurwa ndiye aliyejibu. "Sasa yule mtoto kauliza."

Tukakubaliana madaftari yasomwe darasani kwangu, lakini Kurwa alikataa nisome mimi. Alisema sauti ya mji anaijua yeye. Mwalimu mkuu akatoa ruhusa, na Alhamisi moja baada ya masomo akaja, akawekewa kigari mbele ya darasa, na mama yake kiti pembeni. Watoto walikuwa thelathini na wanane. Alhamisi ya pili walikuja wa madarasa mengine. Alhamisi ya tatu nilipoinua macho niliona madirisha yamejaa watu wazima. Mwanamke mwenye beseni la samaki kichwani. Fundi wa baiskeli wa mtaa wa pili, mikono bado ina grisi. Mtu mmoja mwenye ndevu na mkoba wa ofisini, niliyekuja kujua baadae kuwa alitoka kazini Mji Mkongwe kwa ajili hii tu. Walikuwa watu wa rika langu na wakubwa kidogo. Wote walimwacha Mize mlangoni miaka mingi iliyopita, na walikuwa wamesikia kuwa habari zake zimepatikana.

Kurwa alipowaona alirudi nyuma, akafungua upya daftari la tatu ukurasa wa kwanza, ili na wao wapate.

"Maji yalimfika Mize kiunoni," alisoma. "Akalitazama kufuli la tatu, akajitazama yeye, akaona kuwa tangu afike mlangoni alikuwa amesimama. Basi akakaa kitako ndani ya maji. Na mlango ukamwona."

Dirishani mtu alivuta pumzi. Yule mwenye beseni alilitua chini.

Kusoma madaftari yote kulichukua miezi minne. Bi Wanu alikuja Alhamisi zote isipokuwa mbili, magoti yalipomsumbua, na siku hizo Kurwa alisoma kwa haraka zaidi, akitaka kurudi nyumbani. Mwalimu Pandu aliletwa mara moja na mwanawe. Alikaa mstari wa nyuma na watoto, akaomba radhi kwa lile jalada mbele ya kila mtu, na Bi Wanu akamwambia aache mambo yake, bila ya yeye hata hizo karatasi zisingekuwepo.

Sasa kuna mchapishaji mdogo wa mjini anayeshughulika na vitabu vyote saba, na Kurwa anavichapa mwenyewe kwenye simu, kidole kimoja, kwa sababu hamwamini mtu mwengine na makufuli. Amefika daftari la sita. Wiki iliyopita nilipopita Chwaka niliwakuta hawasemezani. Kurwa ameona kuwa mama yake, miaka ishirini na tano iliyopita, aliliwekea soko la sauti milango miwili katika ukurasa mmoja na mitatu katika mwengine, na Bi Wanu anashikilia kuwa wa tatu ulijengwa baadae. Waliniomba niamue. Nikawaambia mimi ni mgeni kule, siwezi kuingilia, nikakaa mkekani nikasaidia kusuka ukili, vibaya, mpaka chakula kilipokuwa tayari.